Namba ya Seremala

Mwalimu Baki hakuwa na imani na nyuso za watu. Uso unanawa ukabadilika, alisema, lakini namba hata uioshe kwa sabuni gani ni ile ile. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kukaa kwenye kochi lake zaidi ya mara moja, awe jirani, fundi bomba au mchumba wa mtu, aliombwa kwanza kitambulisho. Picha hakuitazama. Alinakili ile namba ya tarakimu sita iliyo chini ya picha, akarudisha kadi kwa heshima zote, na baada ya siku chache alikuwa anajua, kwa maoni yake, kila kinachostahili kujulikana.

Jina la Baki alipewa na wanafunzi. Kwa miaka thelathini na mbili, kila mtoto alipomaliza kugawanya ubaoni, aliulizwa, "Baki ngapi?" hata kama jibu lilikuwa limeandikwa kubwa kama mlango. Alistaafu miaka sita iliyopita, na mtu aliyezoea kusahihisha madaftari arobaini kwa siku hawezi kuketi tu akatazama kuku. Akaanza kusahihisha majirani.

Alikuwa na daftari lenye jalada gumu kwa kazi hiyo. Humo muuza mkaa wa kona alikuwa 131072, namba ambayo ndani yake hamna kitu ila mbili kumi na saba zilizozidishana. "Ndiyo maana kila neno lake lina pande mbili," alieleza Mwalimu. Fundi redio alikuwa namba pungufu: ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yeye mwenyewe, hufikii hata nusu yake. Maneno mengi, vitendo haba. Namba kamilifu, ile ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe, kama moja, mbili na tatu zinavyorudisha sita, hakuwahi kuipata kwa mtu yeyote. Na hangeipata, maana katika namba zote za tarakimu sita hakuna hata moja iliyo kamilifu. Mwalimu alilijua hilo tangu chuoni, ila aliendelea kuwalaumu majirani.

Daraja aliloliogopa lilikuwa la tasa. Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Uijie na tatu, uijie na saba, uijie na mia moja na moja, itakubakishia kitu mkononi na kukufungia mlango. Mtu wa namna hiyo, alisema Mwalimu, hana cha kumgawia mwenzake.

Chini ya paa lake mwenyewe alikuwa na namba nyingine aliyoipenda kuliko zote, 720720. Hiyo inagawanyika kwa kila namba kuanzia moja mpaka kumi na sita, bila baki. Ilikuwa ya mtoto wa kaka yake, aliyeletwa kwake akiwa na miaka saba, baba yake amezikwa wiki hiyo, mkononi ana mfuko wa nguo tatu na kiatu kimoja kilichokatika mkanda. Sasa alikuwa muuguzi wa zahanati, msichana wa kugawa muda wake, chakula chake na hata mwavuli wake kwa watu ambao hawarudishi miavuli. "Namba haidanganyi," Mwalimu alimwambia kila mwavuli ulipopotea.

Basi muuguzi huyo akaja siku moja na seremala.

Walijuana zahanati, seremala alipoitwa kutengeneza mabenchi ya wagonjwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio na tabia ya kupima kila kitu kwa macho kabla hajakikalia. Alimwamkia Mwalimu vizuri, akanywa chai yake mpaka chini, akaahidi kumtengenezea fremu ya ile orodha kubwa iliyokuwa ukutani, na alipoombwa kitambulisho akakitoa bila kuuliza. Binti ndiye aliyefumba macho.

"Shangazi," alisema binti baada ya seremala kuondoka, "mimi sitaolewa bila neno lako. Unajua hivyo. Lakini naomba neno lenyewe liwe la haki."

"Hesabu ni haki," alisema Mwalimu. "Nikipata ndani ya namba yake kigawo kimoja tu, hata kiwe kidogo namna gani, nitasema ndiyo siku hiyo hiyo. Nikikosa, nitasema hapana, na wewe hutanuna."

Binti alicheka kidogo, akasema sawa. Kwa hesabu ya kawaida namba nyingi zina vigawo, na yeye kila siku alikuwa mtu wa kuamini mengi yatakwenda vizuri.

Namba ya seremala ilikuwa 148877. Mwalimu akakaa mezani, mbele ya orodha yake. Orodha yenyewe ilikuwa karatasi ya manila aliyoiandika kwa wino mwekundu akiwa mwalimu mpya: namba tasa zote zilizo chini ya elfu moja, kumi katika kila mstari. Darasani ilining'inia kwa kamba. Alipostaafu aliibeba nyumbani, akaipigilia ukutani yeye mwenyewe kwa msumari mmoja mkubwa, na chini ya kichwa cha msumari akaweka kizibo cha soda ili karatasi isichanike. Jirani alimshauri amwite fundi. Mwalimu aliuliza kama kuna shahada ya kupiga msumari.

Kazi ilikwenda siku tatu. Mbili haikuingia, tatu haikuingia, tano ndiyo kabisa. Saba ilibakiza moja. Kumi na tatu nayo ikabakiza moja, kama watu waliokubaliana. Mwalimu alikuwa na rula aliyoishusha mstari kwa mstari, jicho likisoma, mkono ukigawanya. Arobaini na saba, baki ishirini na nane. Hamsini na tisa, baki ishirini. Hakuhitaji kupita 383, kwa sababu namba inayofuata ikizidishwa kwa yenyewe inaipita namba ya seremala, na kigawo ambacho hakijaonekana kufika hapo hakitaonekana tena. Jioni ya siku ya tatu akagawa kwa 383. Baki mia mbili sabini na tatu.

Akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida: Tasa.

Hapa inafaa kusema ukweli ambao yeye hakuuandika. Alipoweka nukta alisikia nafuu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Nyumba ya seremala ilikuwa upande wa pili wa mji. Tangu siku ya ile chai Mwalimu alikuwa akiamka alfajiri akisikiliza kama kuna mtu anayekohoa chumba cha pili, akiwazia asubuhi ambayo hatamsikia mtu. Aliogopa kubaki peke yake, na aliogopa zaidi mtu kujua kwamba anaogopa. Namba ilimsaidia kusema hapana bila kuomba chochote.

Binti aliposikia hakununa, kama alivyoahidi. Aliosha vyombo vyote, akaosha na vile vilivyokuwa safi. Kisha akaja kukaa karibu na shangazi yake.

"Na namba yako wewe si ni tasa?"

"Ndiyo. Niliipiga zamani, nikiwa bado darasani. Tasa safi."

"Na mbona umenigawia kila kitu?"

Mwalimu alikohoa. "Mimi ni mwalimu," alisema. "Hiyo ni hesabu nyingine."

"Nyumba yake ina vyumba vitatu, Shangazi."

"Cha tatu ni cha wageni. Nani asiyejua vyumba vya wageni vinajazwa magunia?"

Kesho yake binti alikwenda kazini akiwa amesahau mwavuli, na mvua haikunyesha.

Jumamosi asubuhi, binti akiwa zamu, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa seremala, na futi yake ya kupimia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Majibu hukupelekewa?"

"Nimepelekewa." Alisugua viatu kwenye mkeka wa mlangoni muda mrefu kuliko matope yaliyokuwepo. "Nimekuja kupima ile fremu. Niliahidi."

"Hata baada ya majibu?"

"Fremu haikuwa kwenye masharti, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama, akatafuta ndani ya maneno yale kona ya kushikia, asiione. Akampisha. Mlango ulipofungwa ulikwaruza sakafu kama kawaida yake ya miaka yote, na seremala aliutupia jicho la huruma. Akaenda ukutani.

"Ni lazima niishushe," alisema. "Huyu aliyepiga msumari alikuwa na hasira na ukuta?"

"Ni mimi."

"Basi umeshika vizuri sana," alisema seremala haraka, akaanza kuuvuta kwa koleo. Msumari ulilia, ukatoka na vumbi la saruji, na kizibo kikadondoka sakafuni kikabingirika mpaka chini ya kochi. Akailaza karatasi mezani kwa mikono miwili. Akapima urefu, akauandika kwenye kiganja. Akapima upana, akauandika. Halafu akainama.

"Umeitoboa namba, Mwalimu. Hapa juu, karibu na katikati. Nisipoijua sitaweza kuiandika upya. Kati ya arobaini na saba na hamsini na tisa hapa ilikuwa ngapi?"

"Hamsini na tatu," alisema Mwalimu, bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina la jirani.

Ndipo likamwingia. Arobaini na saba, baki ishirini na nane. Hamsini na tisa, baki ishirini. Aliweza kuuona ukurasa wote wa daftari bila kulifungua, na kati ya mistari ile miwili hapakuwa na mstari mwingine. Miaka sita jicho lake lilikuwa likiruka kizibo cha soda, na yeye, ambaye angeweza kuamshwa usingizini akataja hamsini na tatu pamoja na ndugu zake wote, aliuachia mkono ufuate karatasi.

"Ngoja nikuletee chai," alisema.

Jikoni hakuwasha jiko. Alichukua penseli ya orodha ya mahitaji, akageuza pakiti tupu ya unga, akaandika 148877. Hamsini na tatu katika mia moja arobaini na nane inaingia mara mbili, baki arobaini na mbili. Shusha nane. Mia nne ishirini na nane, mara nane, baki nne. Shusha saba. Arobaini na saba, haiingii, weka sifuri. Shusha saba. Mia nne sabini na saba.

Alijua kabla hajaandika. Hamsini na tatu mara tisa ni mia nne sabini na saba.

Baki lilikuwa sifuri, nayo ilikaa pale kwenye pakiti ya unga, ya duara, ikimtazama. Jibu lilikuwa 2809, na kwa kuwa mkono ulishaanza, aliligawa nalo. Likaingia tena. Hamsini na tatu mara hamsini na tatu. Namba ya seremala haikuwa tasa hata kwa dawa. Ilikuwa hamsini na tatu, mara hamsini na tatu, mara hamsini na tatu.

Mwalimu Baki akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Kule sebuleni yule kijana alikuwa akipiga mluzi mdogo wa mtu anayepima. Hakujua chochote. Hata angejua kugawanya, asingejua pa kuanzia. Binti hatajua pia. Nani angelihakiki daftari la Mwalimu? Pakiti ya unga inaingia kwenye jiko vizuri sana. Karatasi ingetiwa fremu, hamsini na tatu ingeandikwa upya kwa wino mwekundu, na chumba cha pili kingeendelea kuwa na mtu anayekohoa asubuhi. Alifikiri hivyo kwa muda ambao maji ya birika yangeweza kuchemka, kama angekuwa ameyaweka jikoni.

Kisha akakumbuka watoto aliowarudisha ubaoni. Wote wale waliofuta njia kwa kiganja ili kuficha kosa, akawaambia mbele ya darasa kwamba kukosea si aibu, aibu ni kufuta. Aliwaambia kwa miaka thelathini na mbili, kwa sauti kubwa, tena akifurahia. Mkuki kwa nguruwe. Alisimama akarudi sebuleni na pakiti ya unga mkononi, na hakuwa na chai.

"Kaa," alisema.

Seremala akakaa, kwa mara ya kwanza bila kupima kiti.

"Nilikukosea. Nilisema namba yako haigawanyiki. Inagawanyika. Kigawo chake nilikipigilia msumari mwenyewe, nikakifunika kwa kizibo, halafu nikakaa siku tatu kukitafuta." Akaweka pakiti mezani. "Njia ni hii. Angalia kila hatua. Usiniamini."

Kijana aliangalia, kidole chake kikifuata tarakimu polepole, kwa sababu ilikuwa zamani tangu atoke shule. Alipofika kwenye baki sifuri ya kwanza masikio yake yakabadilika rangi. Alipofika kwenye ya pili akakunja uso.

"Mara tatu?"

"Mara tatu. Wanaita kipeo cha tatu. Hamsini na tatu peke yake, lakini mara tatu."

"Hilo ni sanduku, Mwalimu."

"Sanduku gani?"

"Sanduku." Akafungua futi yake juu ya meza. "Hamsini na tatu kwenda huku, hamsini na tatu kwenda huku, na hamsini na tatu kwenda juu. Urefu, upana, kimo. Ukipanga vipande vya mraba vya kipimo kimoja kila upande humo ndani vinaingia hivyo vyote, laki moja na ngapi sijui, hakuna kinachozidi. Mimi hutengeneza ya namna hiyo. Ni magumu, maana usipolingana upande mmoja linaonekana hata kwa kipofu."

Mwalimu alizitazama tarakimu zake. Miaka yote alikifundisha kipeo cha tatu kwa mdomo, na hakuwahi kukiona kikiwa na kifuniko.

"Basi mimi nimesema ndiyo," alisema. "Niliahidi kigawo kimoja, kimepatikana. Nimekubali. Mchukue, mwende, mkae vizuri. Na umwambie awe anachukua mwavuli."

Seremala hakuinuka. Aliukunja mkono wa futi, akaukunjua tena.

"Tatu ni nani na nani?" aliuliza.

"Nini?"

"Hizi hamsini na tatu. Moja yangu, sawa. Moja yake. Ya tatu ni ya nani?"

"Usilete hesabu za sokoni humu ndani. Hapo ni kuzidisha, si kugawana maembe."

"Haya, kuzidisha." Hakuonekana kushtuka. "Ondoa kimo kwenye sanduku, Mwalimu. Linabaki nini?"

Mwalimu akaivuta pakiti ya unga karibu yake.

"Linabaki kipande cha ubao," alisema kijana. "Kizuri, kimelingana, lakini huwezi kuweka kitu ndani. Mimi chumba cha tatu sikukijengea magunia. Yeye ndiye aliyeniambia nikijenge, kabla hata sijaletwa kwako kunywa chai. Alisema nisikwambie. Alisema ukijua utakataa, eti utaona unaonewa huruma."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati. Mwalimu aligeuza uso dirishani mpaka kelele ilipoisha, na ikabidi afute miwani, ambayo haikuwa na vumbi. Alitaka kusema kwamba yeye ni tasa, hana haja na mtu, amekaa peke yake kabla ya wengine kuzaliwa. Lakini mbele yake palikuwa na karatasi yenye tundu, na mtu akishabainika kosa moja Jumamosi asubuhi hana nguvu ya kutetea jingine.

Akafungua daftari gumu, akapata ukurasa, akapiga mstari mmoja juu ya neno Tasa. Hakulifuta, mstari tu, ili lisomeke. Chini yake akaandika: Sanduku.

"Kizibo kiko chini ya kochi," alisema. "Kitoe, nisije nikakikanyaga."

Seremala alipiga magoti akapapasa, akatoka nacho pamoja na vumbi la miezi kadhaa. Akaushika msumari kwa mkono mwingine, akautazama ukuta mtupu.

"Fremu ikiwa tayari niipige hapa hapa? Safari hii nitaanza na pembe, pasipo na namba."

Mwalimu alikuwa ameinamia karatasi yake. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika hamsini na tatu upya, vidogo vidogo, kuzunguka ukingo wa tundu.

"Usipige kwanza," alisema. "Hicho chumba cha tatu. Ukuta wake una upana gani?"